Zamu za Barabara ya Juu

Mtaa wa Kefinco, Kakamega
20 Januari 2025

Kwa Mama Mkwe, Mama Khalayi,

Mulembe. Naandika kwa aibu. Jambo la jana asubuhi halikupaswa kutokea, na tangu lilipotokea sijapata raha. Mimi hutembea kila alfajiri kabla ya kwenda shuleni, maana tangu nipewe unaibu wa mwalimu mkuu nimekuwa mtu wa kiti, na kiti kimenipa kitambi na presha. Sikujua kwamba daktari amekuagiza wewe pia utembee kwa ajili ya sukari, wala kwamba chumba alichokupangia shemeji Khisa kiko hapa hapa mtaani kwetu. Ningejua nisingetoka na kaptula.

Ulipojitupa kwenye ua wa kayaba ili usinione, nilitaka kuja kukuinua. Nikakumbuka kwamba mkwe kumshika mama mkwe mkono ni kosa kubwa kuliko kumwacha penye miiba. Nikakimbia. Unisamehe.

Nimefikiri hivi. Mtaa wetu una barabara mbili. Ya juu yenye lami ndiyo inayopita mbele ya nyumba yangu, na ya chini inafuata kijito. Naomba kwa heshima utembee ya chini, nami nibaki ya juu, ili tusionane tena uso kwa uso. Barua zangu ataleta Wesley, mlinzi wa lango letu, kwa kuwa najua sikio lako halishiki simu.

Nafula hajambo. Daktari amemwambia alale kitandani hadi siku zake za kujifungua zifike, na simu ameizima ili apumzike. Anakusalimu.

Mkwe wako,
Bramwel Shikanga


Kefinco
22 Januari 2025

Mwana wa Shikanga,

Mulembe muno. Usijisumbue kwa sababu ya kaptula. Niliona miguu tu kabla sijafumba macho, na kwa wembamba wake nilidhani ni korongo ametoka mtoni. Miiba alinitoa Jepkorir, jirani yangu wa hapa plotini, kwa sindano, akicheka hadi sindano ikamponyoka. Nilipomweleza kwamba kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani, aliuliza tutaishije mtaa mmoja. Nikamwambia tutaishi kama paka na panya, ila bado haijajulikana paka ni nani.

Barabara ya chini siendi. Nimeitazama. Mvua ikinyesha mchana ni matope hadi kesho yake, na mbwa wa nyumba zile hufunguliwa alfajiri. Nimezeeka, sijachoka kuishi. Tupeane zamu: asubuhi barabara ya juu iwe yangu, jioni iwe yako. Wewe ni mwanamume, giza halitakula.

Sasa nikuulize la maana. Umekaa na binti yangu miaka saba na hujanivisha blanketi. Unajua vizuri kwamba bila siku ile ya blanketi na mbuzi siwezi kukanyaga uani kwako, hata nikisikia mtoto wangu analia ndani. Sikutoka Lugari na kuwaachia vibarua mahindi yangu kwa sababu ya sukari peke yake. Mimba hii ni ya tatu. Mbili zilitoka kabla ya wakati, na shamba likikataa mbegu misimu miwili, msimu wa tatu mwenyewe hulala pale pale shambani. Nataka niwe kando yake siku itakapofika. Nialike.

Mwambie alale ubavu wa kushoto, na anywe uji wa wimbi bila kujifanya mzungu. Tangu utotoni alikuwa mvivu wa kula, ndiyo maana ana mifupa ya ingokho, kuku wa mwezi wa njaa.

Khalayi, mama yake Nafula


Kefinco
27 Januari 2025

Mama,

Mulembe. Zamu nimezikubali. Asubuhi ni yako, mimi nitatembea jioni nikitoka kazini.

Kuhusu blanketi, sijasahau. Lakini mama mkwe siku yake huingia langoni kwa miguu yake mwenyewe, wanawake wakiimba nyuma yake. Haletwi na bodaboda. Nimesikia kwamba ukienda dukani tu unapumzika njiani. Acha kwanza uzoee kutembea. Ukiweza kuimaliza barabara ya juu bila kukaa, tutapanga siku.

Uji nimemwambia. Anakusalimu.

Bramwel


Kefinco
14 Machi 2025

Mwana wa Shikanga,

Mulembe. Utaona nimekaa kimya muda mrefu. Nilikuwa kazini, kazi uliyonipa.

Siku ya kwanza nilifika kwenye mvule tu, nikakaa juu ya jiwe nikamlaani daktari na wewe pamoja. Siku ya pili nilikwenda kwa hasira, kwa sababu Jepkorir alisema sitaenda. Baadaye nikajifunza. Ukingoja hamu ya kutembea utazikwa ukiingoja. Raba naziweka kando ya kitanda, nikishusha miguu inaingia ndani kabla kichwa hakijaamka na kuanza visingizio vyake. Mwanzoni mwili ulinichukia kila asubuhi. Siku hizi unanichukia nikiukosesha. Sukari imeshuka, daktari amenipunguzia vidonge, na Jepkorir anayenifuata nyuma ndiye anayehema.

Na kuna jambo linalonivuta kuliko raba. Kila asubuhi nikifika mbele ya nyumba yako, pazia la chumbani husogea. Nauona mkono wa Nafula, naujua, una kovu la panga alilojikata akichanja kuni. Mimi husimama pale barabarani nikampungia, nikamwita, nikamwambia habari za Lugari kwa sauti ya kutosha. Hajibu, amekatazwa kuchoka. Lakini najua ananingoja. Mtoto hukua akaota mvi, na bado akisikia sauti ya mama yake hugeuka.

Basi, barabara yako naimaliza na kurudi bila kukaa popote. Masharti nimetimiza. Blanketi liko wapi?

Khalayi


Kefinco
17 Machi 2025

Mama,

Nimefurahi kwa afya yako, kweli.

Naomba jambo moja. Usisimame tena mbele ya nyumba yangu, na tafadhali usiite. Ingekuwa vyema zaidi kama ungehamia barabara ya chini. Nimezungumza na wenye mbwa, watawafunga, na pale penye matope nimemwaga kokoto. Sababu siwezi kuiandika. Nafula anahitaji utulivu.

Mambo ya blanketi tuyaache hadi ajifungue.

Bramwel


Kefinco
18 Machi 2025

Mwana wa Shikanga,

Leo hakuna mulembe.

Safari hii hukuandika hata kwamba ananisalimu. Kwa hiyo salamu pia umemnyang'anya. Umeona pazia likisogea, umeona mwanamke wa Lugari na binti yake wanaonana kwa dirisha bila ruhusa yako, ukaumia roho. Kokoto zako nimekwenda kuziona. Mtu anapata lori zima la kumfukuza mama mkwe lakini mbuzi mmoja wa kumkaribisha anamshinda.

Nilikuwa nimekudhania mpole. Upole wako ni wa konokono, ute tu. Umeishika mila kama fimbo: mama usipite hapa, mama usisimame pale, tutaonana, ni aibu. Sasa soma polepole, mwalimu. Mila haikusema mama mkwe peke yake ndiye wa kukimbia. Nikikuona nikimbie, ukiniona ukimbie. Mimi ni mjane wa kijijini, sina ofisi, sina wanafunzi, na aibu yangu yote niliimaliza siku ile penye kayaba. Wewe je, unayo kiasi gani?

Daktari amesema niongeze mwendo. Nitaongeza.

Khalayi


Kefinco
14 Aprili 2025

Mama Mkwe,

Mulembe. Naandika kukuomba unihurumie.

Siku ya kufunga shule nilikuwa langoni nikiwaaga wazazi. Ulitokea upande wa soko na raba zako, hukupunguza mwendo, na nilikosa pa kwenda isipokuwa mtaroni. Wazazi walidhani nimeanguka kifafa. Wanafunzi hawakudhani lolote, walicheka, na sasa wana jina jipya la kuniita ambalo sitaliandika. Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya nyama. Muuza nyama ndiye aliyenificha nyuma ya ng'ombe mzima anayening'inia, na suti ya kijivu haitavalika tena. Jana, Jumapili ya Matawi, ulijiunga na maandamano mbele yangu kabisa, wewe ambaye ni wa kanisa lingine. Nilitoka kwa mlango wa nyuma na tawi langu mkononi, padri akinitazama.

Popote nilipo, upo. Siwezi kuvuka mji huu nikiwa nimenyooka. Kama ni kuniadhibu, nimeadhibika. Nakuomba urudi kwenye zamu zetu. Chukua asubuhi na jioni zote mbili, ila usiite dirishani.

Bramwel


Kefinco
16 Aprili 2025

Mwana wa Shikanga,

Mulembe, mulembe sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa, maana ya kwanza kicheko kilinilegeza magoti.

Unanishtaki kwa kutembea? Mimi ni mgonjwa, natii daktari. Amenitazama miguu akasema angekuwa na wagonjwa kumi kama mimi angefunga kliniki. Nami sikukuona mahali popote, maana mila hairuhusu. Kanisani niliona soli za viatu zikitoweka. Ya kushoto imeisha upande, itengeneze. Hata Wesley wako anakiri. Aliniambia, "Mama, siku hizi mzee anarukanga mtaro kama swara." Kitambi kinapungua, sema asante.

Nikusimulie kitu. Nafula akiwa mdogo alikuwa na tabia ya kujificha nyuma ya ghala la mahindi nikimwita. Watu walisema nenda kamtoe, ni mtoto. Sikwenda. Niliketi jikoni nikamwacha huko hadi giza likaingia na baridi ikamshika, akatoka mwenyewe, analia kamasi. Hakurudia, au alirudia mara chache. Nawe utatoka. Mimi nina subira ya mkulima.

Nataka blanketi, mbuzi, na siku. Nataka kuingia mle ndani nikalala sakafuni kando ya mtoto wangu hadi ajifungue. Siku utakayonialika ndiyo siku utakayotembea wima.

Khalayi


Kefinco
5 Mei 2025

Mama,

Mulembe. Umeshinda. Mbuzi amepatikana, blanketi liko tayari. Njoo Jumamosi hii, tarehe kumi, pamoja na wanawake wako. Mimi mwenyewe nitakuvika begani, na tukishakula aibu ya ukwe itakuwa imeisha. Tutasalimiana kama watu.

Niongeze neno moja, na sitaki ulijibu. Kulikuwa na jambo nililojaribu kukukinga nalo. Niliacha uniite mchoyo, nikaacha uniite konokono, kwa sababu niliona ni nafuu kwako kumchukia mkwe. Niliahidi mtu kwamba nitanyamaza. Mtu huyo ameniona nikirudi na matope hadi shingoni, akasema basi, mlete, nitamwambia mwenyewe.

Kama ungeweza kuridhika na barabara ya chini ningefurahi zaidi. Hata leo bado hujachelewa.

Bramwel


Nyumbani, Kefinco
10 Mei 2025

Mama,

Nimemwambia Bramwel akupe barua hii baada ya kula, si kabla. Nyama ikishashuka haipandi tena. Umekula mbuzi wake, umevaa blanketi lake, kwa hiyo hana sababu ya kukukimbia wala wewe huna njia ya kumkimbiza. Hilo ndilo nililolitaka kwanza.

Unapoisoma mimi niko karibu. Ule mlango ulio mkono wako wa kulia, wenye kalenda, ndicho chumba changu. Nimefunga kwa ndani na ufunguo ninao. Usibishe.

Bramwel alitaka kukualika tangu mwaka wa kwanza. Mbuzi aliletwa kutoka kwao Khayega akafungwa hapa uani. Mimi ndiye niliyemrudisha, na kila mwaka alipouliza tena mimi ndiye niliyesema hapana. Hakukosa mbuzi. Alikosa ruhusa yangu. Mtu uliyekuwa ukimrusha mitaroni mbele ya wanafunzi wake ndiye mtu pekee katika nyumba hii aliyekuwa akikutetea. Alikuwa akiniambia mama ni mama. Alikuwa akikuandikia kwamba nakusalimu, na sikukusalimu hata mara moja.

Unakumbuka mimba ya pili ilipotoka? Ulikuja wodini na kikapu cha ndizi. Ulikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, ukawageukia wanawake wengine, ukasema, "Mahindi yakikataa mara mbili, shamba huachiwa ng'ombe." Walicheka. Mmoja alicheka hadi akashika mshono wake. Mimi nilikuwa chini ya shuka na damu ilikuwa bado inatoka. Nilikusikia ukicheka nao. Kisha ukamenya ndizi ukala.

Nina mengine, ya miaka mingi, lakini hilo latosha. Nilijiambia kwamba nikipata mtoto mwingine tumboni, kinywa chako hakitamkaribia.

Na pazia, Mama. Umewatangazia majirani wote kwamba nakusalimu kwa pazia. Nilikuwa nalifunga. Naamka mapema ili nilifunge kabla hujafika, na siku nyingine mwili unanichelewesha, nakukuta umeshasimama pale unanipungia. Nalifunga ukiniangalia, nawe unafurahi.

Siku yangu ikifika usije hospitalini. Nimeshawaambia wauguzi jina lako.

Nafula


Kefinco
12 Mei 2025

Nafula,

Mulembe.

Nimesoma. Nilisoma pale pale mezani, mbele ya Jepkorir na wanawake waliotoka Lugari usiku kuja kuniimbia. Waliponiuliza mtoto amesema nini, nikawaambia amesema anafurahi na tusimwamshe. Wakaimba kwa sauti ya chini. Imeniuma barua hiyo kuliko kayaba, na nadhani ndivyo ulivyokusudia. Maneno makali hukuyaokota barabarani, umeyarithi.

Lile la shamba sikumbuki kulisema, lakini linafanana na mimi. Nikiona mtu wangu analia, ulimi hunitangulia. Sikuwahi kupewa mwingine. Ndizi nazikumbuka. Zilikuwa mbichi.

Wenzangu walipotoka nje kuosha mikono, nilikuja hadi kwenye mlango wenye kalenda. Sikubisha. Niliweka kiganja juu ya mbao, nikasogeza sikio hili zima, nikakusikia ukipumua kwa mdomo, vile ulivyokuwa ukipumua nyuma ya ghala ukidhani hakuna anayejua uko wapi. Nilikuwa najua, siku zote. Nilikuwa nakusikia kutoka jikoni. Nilisimama hadi Bramwel akaja na maji, akaniona, akarudi nyuma taratibu kama mwizi wa nyumba yake.

Nilitaka kusema kitu. Kila lililonijia mdomoni lilikuwa la kucheka, nikaufunga.

Blanketi nimelichukua. Ni zito, Kakamega ina baridi ya asubuhi. Mumeo nilikutana naye leo barabarani, saa za zamu yangu. Nilipomwona kwa mbali nilingoja akimbie. Hakukimbia. Alisimama wima, akavua kofia, akanipa mkono akaniuliza nimeamkaje. Ana mkono laini wa kushika chaki. Nikapita. Nimezoea kuona mgongo wake.

Hospitalini sitakuja, nimesikia. Lakini nikiacha kutembea sukari itapanda, na barabara ya chini siitaki, hata kwa kokoto. Kesho nitapita ya juu saa ile ile, na kesho kutwa. Sitasimama, sitaita, na mkono utabaki ndani ya blanketi. Wewe lifunge pazia lako. Likisogea, nitajua umeamka.

Mama yako,
Khalayi